Uzi wa Mwashi

Baba amejenga nusu ya kuta za Kangemi
na hakuna hata moja iliyoandikwa jina lake.
Jioni huukunja uzi wake kwenye kijiti,
ulikuwa mweupe, sasa una rangi ya saruji,
nami huuiba. Huuazima, niseme.

Misumari miwili ya inchi sita:
mmoja nyuma ya mpira, mmoja ng'ambo ya kikombe
(kikombe cha bati, nilichokifukia uani
mpaka mama alipokitafuta Jumapili, wageni wamekaa).
Uzi ukikazwa, ukiuchapa kwa kidole, hulia.
Mpira chini yake. Na jicho
liwe juu ya uzi, si nje, si ndani.
Nikiuona umepita kando ya mpira
najua kichwa changu kimedanganya.

Miaka sita nabeba mifuko ya watu
kando ya Barabara ya Ngong.
Nimewaona mawakili wakizilaani nyasi,
daktari wa meno akiibusu fimbo, kisha akaipiga teke.
Na Bi. Kwamboka, hakimu mstaafu,
hukosa kulia. Daima kulia, upana wa vidole viwili.
Alinunua fimbo fupi tatu, moja ya Dubai,
zote zikakosa kulia kwa adabu ileile.

Nikamwambia, mheshimiwa, mikono haina hatia.
Akacheka: basi mshtakiwa nani?
Nikamwonyesha mabega yake.
Miguu ilitazama shimo,
mabega yalitazama jakaranda,
kama mtu anayekusalimia
huku akimtafuta mwingine nyuma yako.

Tukaanza na futi tatu. Si kumi. Tatu.
Uso wa fimbo ukae mraba na uzi
kama dirisha kwenye fremu yake.
Rudi, nenda. Rudi, nenda.
Mlango wa kanisa hauna haraka.
Mpira wa kwanza, kulia. Wa pili, kulia. Wa tatu
kulia, palepale, ukagusana na wenzake.
Yeye akanuna, mimi nikafurahi:
kosa linalolala kwake kila usiku
lina anwani, twaweza kulibishia hodi.
La kuzurura ndilo linalotesa.
Kufikia Agosti alikuwa akizitia saba katika kumi
na kunilipa kama aliyezitia tisa.

Jumatatu uwanja ni wetu sisi makedi.
Baridi, umande mpaka kwenye soksi,
kwarara wakigomba juu ya mikaratusi.
Mia mbili mbili ndani ya kofia ya Shikuku.
Shimo la kumi na saba, futi nne na nusu,
nyasi zimelala kuelekea bondeni,
kule mabati ya Kibera yanakoanza kumeta.
Sikuwa na uzi. Baba alitoka nao alfajiri,
kuna ukuta Uthiru,
na ukuta haumngojei mtoto amalize mchezo.

Nikapanga miguu. Nikapanga mabega.
Jicho juu ya mpira. Pumzi moja.
Shikuku akakohoa makusudi, sikuyumba.
Rudi, nenda.
Mpira ukashika njia, ukapunguza mwendo,
ukachungulia shimo
kama mpangaji anayehakikisha mwenye nyumba hayupo,
ukapita.
Kushoto. Kama Jumatatu iliyopita.
Kama ile ya kabla yake.
Kofia ikaenda na mwenyewe.

Jioni baba alikunjua uzi, akakuta fundo.
Nani kaukata?
Nikamweleza yote: misumari, kikombe,
hakimu, mabega, kushoto, kushoto.
Hakunijibu. Aliichukua fimbo yangu,
ile niliyoinunua Gikomba kwa bei ya viatu,
akafumba jicho moja
akaitazama urefu wake wote, polepole,
jinsi anavyotazama ubao kabla ya kuulipia.

"Imepinda," akasema,
akaenda kuosha miguu.